Nilimwandalia mama maswali ya daktari kwa AI, swali lake mwenyewe likabaki nyumbani

Wakuu, wale wa salaam aleikum nawapa salaam yenu, na sisi wengine habari zenu.

Huu uzi nimeuandika na kuufuta mara tatu. Leo nauacha ukae. Chumvi sijaongeza. Majina nimeficha kwa sababu wahusika wako hapa hapa Isiolo, na wakisoma watajijua.

Ni kuhusu mama yangu, kansa, na ile AI ya kwenye simu ambayo nilikuwa naitumia kumwandalia maswali ya kumuuliza daktari.

Mama ameshafariki. Nasema mapema ili mtu asisome akitumaini.

Nianze na mimi ni nani, maana bila hiyo hamtaelewa kosa langu.

Mimi ni Mmeru, nimekulia Isiolo mjini. Nafanya kazi ya mifugo. Nachanja mbuzi, natibu ng'ombe na ngamia, leo niko Leparua, kesho nimetumwa mpaka Korbesa kule Merti. Kazi yangu kubwa ni kuuliza maswali. Huyu anatoka damu? Tangu lini? Ina harufu? Anakojoa vizuri? Namuuliza mzee wa watu mbele ya wakwe zake na hakuna anayeona haya, wala mimi sioni.

Mama alikuwa anauza viazi na ndizi pale sokoni. Baba alifariki nikiwa bado shule ya msingi. Dada zangu wameolewa mbali, kwa hiyo niliyebaki karibu na mama ni mimi. Hakuwahi kuniita kwa jina langu. Aliniita "baba", kwa sababu nimepewa jina la babake mzazi.

Alipoanza kuugua niliambiwa ni tumbo. Ugonjwa wenyewe niliusoma kwenye barua ya rufaa, nikiwa nimesimama kwenye foleni ya dirisha la kadi. Kansa ya mlango wa kizazi. Niliikunja ile barua haraka sana, utadhani nimefungua mlango wa bafu kukiwa na mtu ndani.

Tukapelekwa hospitali kubwa nje ya kaunti. Sitaitaja, na sina ugomvi nayo.

Siku ya kwanza kumwona daktari tulitoka ndani kabla sijakaa vizuri kwenye kiti. Huko nje mama akaniuliza, "Baba, amesema nini?" Nikagundua sijui. Nilikuwa nimeitikia tu, ndiyo daktari, sawa daktari, na sasa mkononi nina karatasi ya tarehe ya kurudi na kichwani sina kitu.

Mwenzangu wa ofisini ndiye aliniambia nijaribu AI. Yeye huitumia kuandika ripoti za chanjo. Akasema, iambie ugonjwa, iambie alipofika, halafu iambie ikuandalie maswali ya daktari.

Na wakuu, hapa niseme haki. Ilinisaidia.

Nilipiga picha ripoti nikaiwekea. Ikanieleza kwa Kiswahili cha kueleweka stage ni nini, yaani kansa imefika hatua gani, na mionzi inafanya nini mwilini. Ikaniandikia maswali. Atachomwa mara ngapi? Ni dalili gani zikitokea tusingoje tarehe, tuje siku hiyo hiyo? Anaweza kuendelea na dawa yake ya presha? Kila mara ilinikumbusha kwamba yenyewe si daktari, na kwamba majibu nitayapata kwa daktari.

Nikaandika maswali yote kwenye daftari, nikaenda nalo. Daktari, kijana mpole tu ambaye macho yake yalikuwa yamechoka, akaweka kalamu chini na akajibu moja moja. Mama alikuwa ananitazama. Wiki iliyofuata, sokoni wote walikuwa wameshasikia kwamba kijana wake anaongea na daktari kama wote wawili wamesomea kazi moja.

Nilivimba kichwa. Sitakataa.

Mama akapata dawa ya drip, akachomwa mionzi wiki zote alizopangiwa, akamaliza. Akarudi Isiolo amekonda lakini anacheka. Akarudi sokoni nusu siku. Tukaambiwa turudi kliniki kila baada ya miezi kadhaa aangaliwe.

Katikati ya hapo mke wangu akajifungua. Msichana, kifungua mimba wetu, na kwa desturi yetu akapewa jina la mama yangu. Mama alimbeba huyo mtoto mwezi wa kwanza wote, hata chai ilimpoa. Halafu akaacha. Akija kwetu anakaa kwenye kiti cha mbali, anamchekea mtoto, ukimpa anasema mikono ina uchafu wa viazi. Mke wangu aliumia. Aliniuliza kama amemkosea mama nini. Nikamwambia ni uchovu wa mionzi, na niliamini nilichosema.

Sasa tufike kwenye kosa.

Kliniki ya pili baada ya matibabu ilikuwa inakaribia. Saa ya chakula cha mchana nikakaa ofisini na simu, nikaiambia AI iniandalie maswali mapya. Safari hii yenyewe ndiyo ilianza kuniuliza.

Mgonjwa anatokwa na damu ukeni?

Anatokwa na majimaji yenye harufu?

Mkojo unatoka bila yeye kutaka?

Na chini yake ikaandika kwamba ni vizuri nimuulize mgonjwa mwenyewe ana wasiwasi gani, akiwa peke yake au na mtu anayemwamini, kabla ya kupanga orodha.

Hiyo sehemu ya mwisho niliiruka. Niliona ni maneno ya kujaza tu.

Yale matatu ya juu niliyatazama mpaka skrini ikazima.

Kwa wasiotoka kwetu, nieleze. Mwanamume wa Kimeru akishatahiriwa haingii chumba cha kulala cha mamake. Haketi kitandani kwake. Nguo zake za ndani zikiwa kwenye kamba, unapitia upande mwingine wa nyumba. Hakuna aliyetufundisha kwa kiboko, unakua ukijua tu. Mimi ni mtu nimeingiza mkono kwa ng'ombe mpaka kwapani kutoa ndama aliyekwama, na sikuweza kumuuliza mama yangu kama anatoka damu.

Nilifanya nini? Jioni nilipita kwake, nikasimama mlango wa jikoni, nikasema, "Mama, uko sawa?"

Akasema, "Niko sawa, baba."

Nikatoka hapo, nikafungua simu, nikajibu. Hapana. Hapana. Hapana.

AI ikafanya kazi na nilichoipa. Ikaandika kwamba ni habari njema hakuna damu, basi maswali yetu yaegemee lishe, uchovu na mazoezi mepesi.

Tukaenda. Mimi nikaingia na mama mpaka ndani kama kawaida, kwa sababu Kiswahili chake ni cha sokoni, na mimi ndiye nilikuwa natafsiri.

Daktari akasema, "Muulize kama anatokwa na damu, au majimaji yenye harufu."

Nikamgeukia mama, nikamwambia kwa Kimeru kwamba daktari anauliza kama kuna kitu kinamsumbua.

Sikutafsiri. Nilipaka sukari. Nilijua ninachofanya na bado nikafanya, kwa sababu yale maneno kwa Kimeru, mbele ya mama, kinywani mwangu, hayakutoka.

Mama akatazama meza. Akasema nimwambie daktari yuko sawa.

Nikamwambia daktari, "Hakuna."

Akataka ampime pale nyuma ya pazia. Mama akaniangalia mimi, si daktari. Akasema siku nyingine. Daktari akatazama mlango, kule nje watu wamejaa benchi tatu, akaandika tarehe nyingine kwenye kadi.

Halafu, wakuu, nikafungua daftari langu na kumsomea orodha. Nikauliza kuhusu beetroot. Nikauliza kama uji wa wimbi unaongeza damu. Mama amekaa pembeni yangu, amefunga leso mbili juu ya sketi, na mimi nauliza kuhusu beetroot.

Tukatoka. Nikamwambia mambo ni mazuri.

Ngoja nivute pumzi kidogo, naendelea.

Baada ya wiki kadhaa, mama mmoja akanifuata ofisini. Nitamwita Mama Halima. Ni Mborana, anauza maziwa ya ngamia, na meza yake na ya mama zimekaa pamoja tangu mimi niko sekondari. Hunitania kwa kuniita daktari ya ngamia. Siku hiyo alitoa salaam fupi na hakukaa.

"Daktari ya ngamia, mama yako anatoka damu."

Nikainuka kwenye kiti.

"Miezi nne sasa. Wallahi mimi ndio naleteanga yeye pamba. Na mkojo inatoka yenyewe. Huko soko anakalia gunia, akisimama anageuza hiyo gunia ndio watu wasione. Wewe hujui?"

"Sijui."

"Na si unaenda na yeye mpaka ndani kwa daktari?"

"Naenda."

"Sasa huko ndani mnaongeanga nini?"

Nilikasirika. Kwanza nilimkasirikia yeye kwa kukaa kimya miezi minne, halafu nikamkasirikia mama, halafu nikaikasirikia simu. Zote zilikuwa njia ndefu za kuepuka kujikasirikia mimi.

Nilipotulia nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema.

"Mama yako alinikataza. Alisema ukijua utaona haya, utaacha kumpeleka. Sasa nimeona haya yenu itamuua."

Nikamwomba anisaidie. Jumapili, mimi na mama tulipotoka kanisani, akaja nyumbani kwa mama. Nikafungua AI nikaiweka kwenye sauti, nikaiambia kwamba leo mgonjwa ataongea mwenyewe, imuulize pole pole kwa Kiswahili rahisi, na mwisho iandike maswali yake ya daktari. Nikampa Mama Halima simu.

Akaniangalia nimesimama pale.

"Wewe toka. Si hapo kwa mlango. Enda mpaka kwa barabara."

Nikaenda mpaka barabarani. Nikasimama na watu wa boda karibu saa nzima nikijifanya nasubiri mtu. Huko ndani mama yangu alikuwa anaongea na mashine mambo ambayo hajaniambia mimi, na nilihisi wivu, amini usiamini. Wivu na shukrani pamoja.

Mama Halima akaja na simu ameifunika kwa buibui.

"Imeandika yote. Ilikuwa inauliza taratibu, mama yako akazoea, akaongea. Alilia kidogo. Usisome. Hii ni ya daktari."

Sikusoma. Hilo moja nilifanya sawa.

Tarehe ya kliniki hatukuingoja. Tulienda siku mbili baadaye. Mama na Mama Halima wakaingia ndani na simu yangu, mimi nikabaki kwenye benchi kwa mara ya kwanza. Baadaye niliona muuguzi wa kike anaitwa, anaingia, mlango unafungwa. Walikaa sana. Watu wa foleni wakaanza kunong'ona, na mimi nikainamisha kichwa.

Kisha daktari akaniita. Akasema mama amekubali niambiwe.

Kansa ilikuwa imerudi na kuenea. Ilikuwa imetoboa mpaka kwenye kibofu, ndiyo maana mkojo ulikuwa unatoka wenyewe. Kuponya hakukuwepo tena. Alichoweza ni kumpa dawa ya maumivu ya nguvu, mionzi michache ya kupunguza damu, na muuguzi wa kutufundisha jinsi ya kumweka mkavu na safi.

Nikamuuliza lile swali ambalo wafugaji huniuliza mimi wakileta mnyama amechelewa. Tungekuja mapema ingesaidia?

Hakunichapa kwa maneno, ingawa nilistahili. Alisema hawezi kujua. Pengine mwisho ungekuwa ule ule. "Lakini maumivu, damu, na harufu, hizo tungezishika tangu mwanzo. Hiyo miezi minne alibeba bure."

Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema. Mimi hayo ndiyo nalala nayo.

Tukiwa tunasubiri dawa, mama amekaa ndani kwenye kiti cha magurudumu, Mama Halima akanivuta kando.

"Unajua swali ya kwanza ya mama yako ilikuwa gani? Hiyo iliandikwa juu kabisa?"

Nikasema sijui. Nilidhani ni kama atapona.

"Aliuliza kama hii ugonjwa inaingia kwa mtoto akimbeba. Daktari akasema haiingii. Akauliza tena. Akasema mama, haiingii, beba mtoto. Akauliza mara ya tatu."

Ndiyo wakuu. Mikono haikuwa na uchafu wa viazi. Mama yangu aliacha kumshika mtoto aliyepewa jina lake kwa sababu aliogopa kumpa kansa, na alinusa ile harufu yake akadhani ndiyo inabeba ugonjwa. Swali la kujibiwa kwa neno moja. Mimi nilikuwa na daftari zima na hilo halikuwemo.

Tulipofika nyumbani mke wangu alikuwa ameketi uani na mtoto. Mama akaomba maji. Akanawa mikono mpaka viwiko, akafuta kwa leso safi, akaketi, akasema, "Leta." Mke wangu akanitazama mimi kwanza, halafu akampa. Sijui walikaa hivyo muda gani, kwa sababu mimi nilienda nyuma ya nyumba.

Aliishi wiki saba baada ya hapo. Dawa ilishika maumivu, ile mionzi michache ikapunguza damu. Mke wangu ndiye alimwogesha na kumbadilisha, na Mama Halima alipita kila siku kabla ya kwenda sokoni. Mtoto alikuwa anashinda kwa nyanya yake, wakilala wanalala pamoja mchana. Alifariki asubuhi moja watu wakinywa chai, bila kelele.

Najua kuna atakayesema AI ndiyo mbaya, tuwaachie madaktari kazi yao. Mimi siwezi kusema hivyo. Iliuliza maswali ya haki, na mimi ndiye nilidanganya. Hata ile ya kumuuliza mgonjwa akiwa na mtu anayemwamini iliniandikia, nikairuka kwa sababu nilijiona tayari najua.

Kwa hiyo, nikisema kama mtu aliyeumia: ukitumia hii kitu kwa ajili ya mgonjwa, mpe mgonjwa simu. Asipoweza kuandika, aongee. Asipoweza kuongea mbele yako, ondoka, na umtafutie wa kukaa naye karibu. Vijana wa kiume, hasa sisi tuliokua na heshima ya kupitia upande wa pili wa nyumba, mtafutieni mama mwanamke wa kuingia naye kwa daktari. Dada, shangazi, jirani wa dini nyingine, yeyote ambaye mama anamwambia ukweli. Na kama hujui jibu, andika hujui. Usiandike hapana.

Kuna kitu kimoja sijamwambia mtu, hata mke wangu.

Wiki mbili kabla hajatuacha, nilikuwa nimekaa naye mlangoni, mtoto amelala mapajani pake. Nikakusanya nguvu nikamuuliza kwa nini hakuniambia, tukiwa tumekaa pamoja mbele ya daktari, na nilimuuliza kwa mdomo wangu.

Hakukasirika. Alimpangusa mtoto jasho kwenye shingo. Akasema, "Baba, ulikuwa ukiniuliza, naona vile unataka niseme niko sawa. Sasa mimi ningefanya nini?"

Sikuwa na la kumjibu siku hiyo, na mpaka leo sina. Wakuu, kama kuna mtu hapa amewahi kuuguza mzazi na akapata la kujibu hapo, aniandikie hapa chini. Nitasoma zote.